Jembe Si Fimbo

Mwalimu anayemwambia mtoto aliyechelewa shule, "Chukua jembe, nenda bustanini," anaharibu viwili kwa mpigo: mtoto na bustani. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na neno hili sitaacha kulisema hata wakiniita mzee wa zamani.

Anayedhani kulima ni kazi ya misuli tu, na aje huku Lushoto mwezi Septemba, kiangazi kinapoelekea ukingoni na vuli inanukia. Huo ndio wakati bustani inapodai akili kuliko jasho. Nyanya zangu zimezeeka. Je, nizimwagilie zinipe wiki mbili zaidi, au nizing'oe nilipishe zao jingine? Maji yamepungua; nani anywe kwanza, miche ya kabichi iliyo kitaluni au figiri inayokaribia kuchanua? Kabichi hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6, hivyo anayengoja mvua ndipo asie mbegu amekwisha kuchelewa. Tena, palipotoka nyanya sipandi pilipili hoho wala viazi mviringo, maana hao ni ukoo mmoja na huambukizana maradhi. Hapo natia maharage, ambayo vinundu vya mizizi yake hufuga bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Mabaki yaliyo salama huenda kwenye shimo la mboji. Yenye ugonjwa nayatenga mbali.

Hiyo ni hesabu, ni biolojia, ni uchumi. Mtoto aliyetumwa kwa adhabu atajifunza lipi katika hayo? Atajifunza moja tu: kwamba ardhi ni mahali pa wakosaji.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Shule nyingi zilishika shamba, zikaacha masomo.

Nitaambiwa kwamba watoto wa leo ni wavivu, bila kulazimishwa hawashiki jembe. Si kweli. Mpe mtoto wa darasa la pili tuta lake mwenyewe la mchicha, umwone anavyolichungulia kila asubuhi. Apandacho mtu ndicho avunacho; uvivu huo tunaoulalamikia ulipandwa shuleni.

Basi, walimu, mkosaji mtafutieni adhabu nyingine. Bustanini mpelekeni mwanafunzi, pamoja na daftari lake, na mwalimu atangulie na jembe mkononi.