Dhahabu tunayo, uchumi mkubwa wanao Kenya

Makamanda, juzi kijana mmoja wa chama tawala kaniambia eti sisi ni matajiri kuliko Kenya. Nikamuuliza, utajiri upi? Dhahabu tunayo, gesi tunayo, tanzanite dunia nzima iko Mererani tu. Kenya hawana mgodi wa kufikia Geita, lakini uchumi wao unatuzidi!

Sababu? Korosho zetu nyingi tunazipeleka ghafi India na Vietnam, wakabangue wao, ajira wapate wao. Kwenye Twiga, kampuni iliyozaliwa na sakata la makinikia, Serikali ina hisa asilimia 16, Barrick 84. Huko ndiko kujitegemea?

Wakenya nao madeni yanawakaba, siwasifii. Ila mali ikiwa ardhini haimlishi mtu. Tudai viwanda, na mikataba yote ya madini ianikwe bungeni.