Laini mbili za intaneti, na rezo bado hakuna: shida iko wapi?

Mwezi wa nane 2023, maporomoko chini ya bahari, mbele ya mdomo wa muto Kongo, yalikata kable za WACS na SAT-3. Tarehe 12 mwezi wa tano 2024 ikawa zamu ya upande wa mashariki: EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ikalegea katika inchi jirani. Kila mara shauri ni lile lile: chukua laini ya pili.

Shauri hilo ni zuri, lakini ni nusu ya kazi. Laini ya pili ikifungwa vibaya, inaweza kuangusha hata ile ya kwanza. Na mukaaji aliyepanga mstari benki anaambiwa tu: "Rezo hakuna."

Tuchukue kampuni yenye biro Goma, Bukavu na Bunia, zilizounganishwa na mtoa huduma mmoja kwa rezo ya binafsi, ile mafundi wanaita VPN. Biro ya Goma inalipa laini mbili. Kwenye laini ya kwanza, ruta yake inatangaza: "Biro ya Goma iko hapa." Mtoa huduma anapeleka habari hiyo kwa ruta zake zote. Moja kati yao, iliyo kwenye laini ya pili, inairudisha Goma kwenyewe: "Najua njia ya kufika biro ya Goma."

Ni kama uvumi. Umesema neno asubuhi, jioni jirani anakurudishia kama habari mupya. Siku laini ya kwanza inakatika, Goma inaweza kuamini uvumi wake yenyewe. Ujumbe unatumwa kwa mtoa huduma, naye anaurudisha Goma, Goma inautuma tena. Unazunguka tu.

Hauzunguki milele. Kila ujumbe unabeba hesabu, isiyozidi 255, inayopunguka moja kwa kila ruta. Ikifika sufuri, ujumbe unatupwa. Lakini mbele ya kutupwa umeshapita laini ile ile mara nyingi. Ndiyo maana laini inajaa hata kama watu wanaoitumia ni wachache.

Kinga ya kawaida iko. Kila rezo ina namba yake, na habari ya njia inabeba namba za rezo zote ilizopita. Ruta ikiona namba yake mwenyewe, inakataa. Shida ni kwamba kampuni nyingi zinatumia namba moja kwa biro zote. Basi Bukavu ingekataa habari za Goma, ikizizania ni zake. Ili biro zisikilizane, mtoa huduma anafuta namba hiyo na kuweka yake. Hapo mulinzi amelazwa usingizi.

Dawa ni alama ya asili. Habari yote inayotoka Goma, kwa laini yoyote kati ya zile mbili, inapigwa alama moja. Ruta ya mtoa huduma ikiona alama ya Goma, hairudishi habari hiyo Goma. Bukavu na Bunia zinaendelea kuipata.

Alama hiyo ina bei yake. Kama biro ya Goma iko katika nyumba mbili, na waya kati yao ukakatika, nyumba hizo haziwezi kuonana kupitia mtoa huduma, maana alama inazuia. Ni lazima waya huo ulindwe pia.

Kwa hiyo anayelipa laini mbili, iwe hospitali, chuo ao benki, aulize maswali matatu mbele ya kutia sahihi. Laini zote mbili zina alama moja ya asili? Zinapita njia tofauti kweli, ao zimezikwa katika mutaro mumoja? Na je, fundi amewahi kuchomoa laini ya kwanza mchana, watu wakiwa kazini, ili kuona kama ya pili inabeba?

Jibu la swali la tatu likiwa hapana, laini ya pili ingali ahadi tu.