Dagaa wapumzishwe

Kila dagaa wakiadimika, maelezo ni yale yale: bahari imechafuka, mbalamwezi imezidi, samaki wamehama. Siku hizi umeongezwa utetezi mpya, mabadiliko ya tabianchi. Huu wa mwisho ni wa kweli, na ndiyo maana unafaa sana kujificha nyuma yake.

Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1 katika karne moja. Lakini joto humuumiza dagaa zaidi kwa kumnyima chakula. Maji ya moto hukaa juu ya maji ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na rutuba inabaki chini. Upepo ukishindwa kuyakoroga, vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula chote cha baharini, havistawi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa vijimea hivyo vimepungua kwa hadi asilimia 20 katika eneo hili ndani ya miongo sita.

Sasa mfikirie dagaa aliyeanguliwa jana. Ana akiba ya kiini ya siku chache tu, na maji yakiwa ya moto mwili wake unaimaliza upesi zaidi. Ikiisha, lazima chakula kiwe hapo hapo alipo. Kisipokuwepo, anakufa yeye na maelfu walioanguliwa naye. Na kwa kuwa dagaa huishi muda mfupi, hakuna wazazi wa akiba wanaosubiri mwaka mbaya upite. Watakaovuliwa mwakani ni watoto wa hawa waliopo leo.

Tunawafanyia nini hawa waliopo? Tunawawashia taa usiku wa giza, tunawazungushia nyavu za matundu madogo, wengine hata chandarua cha mbu. Tunawaanika mchangani, mvua ikinyesha wanaoza. Wanaosalia na hawafai kuliwa wanasagwa kuwa chakula cha kuku. Halafu tunailaumu bahari.

Peru waliwahi kulipia kosa hili. Mwaka 1970 walivua zaidi ya tani milioni 12 za samaki wadogo aina ya anchoveta. Maji ya moto ya El Niño yalipokuja mwaka 1972, chakula kikakata, na boti ziliendelea kuvua. Mwaka 1973 hawakufikisha hata tani milioni 2. Nusu karne baadaye, mwaka 2023, joto lilirudi. Wakapima, wakakuta samaki wengi ni wachanga, wakafuta msimu wote wa kwanza wa uvuvi. Hasara ilikuwa kubwa na kelele zilikuwepo. Mwaka uliofuata maji yalipoa, yakawakuta wazazi bado wapo, na boti zikavua karibu kiwango chote zilichoruhusiwa.

Wala hatuhitaji kwenda Peru. Vijiji vya Pemba na Mafia hufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha huifungua na kuvua pweza wakubwa. Ziwa Tanganyika, ambalo nalo limepata joto na maji yake hayachanganyiki kama zamani, lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kama dagaa wa Kigoma wanaweza kupumzishwa, wa Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Unguja wana nini?

Tutaambiwa: tukifunga sisi, wenzetu watavua. Basi fungeni pamoja. Dagaa wa mkondo wa Zanzibar hawajui kuwa kuna wizara mbili, ya Bara na ya Visiwani. Nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika ziliweza kukubaliana. Wizara mbili zinazotenganishwa na safari fupi ya boti zishindwe kwa lipi?

Tutaambiwa pia kuwa mvuvi atakula nini. Hilo ni swali la haki, na jibu lake si hotuba. Tarehe zitangazwe miezi mingi mapema, si wiki moja kabla. Marejesho ya mikopo ya boti, injini na taa yasimame kipindi hicho. Na pesa zinazotumika kuchoma nyavu haramu mbele ya kamera zisaidie kujenga vichanja vya kuanikia, maana dagaa asiyeoza ni dagaa ambaye hatukuhitaji kumvua mara ya pili.

Bahari hatuwezi kuipoza sisi wa pwani. Kuacha kuvua kwa wiki chache dagaa wanapotaga tunaweza, na mabwana samaki, vikundi vya usimamizi wa fukwe na wavuvi wazee wanajua ni miezi gani kwao. Wizara zote mbili zikae nao sasa, ziandike tarehe, na zitangaze kalenda hiyo kabla msimu ujao haujaanza.