Usiogope jina la Butabika: msaada unaanza karibu na mlango wako



Kampala, mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia, "Wewe ni wa Butabika." Butabika ni hospitali kuu ya rufaa ya magonjwa ya akili nchini Uganda. Ilifunguliwa mwaka 1955, nayo iko katika divisheni ya Nakawa, upande wa mashariki wa mji. Tusi hilo limefika hadi makambini kwetu, na linatudhuru. Mama asiyepata usingizi kwa miezi mitatu hasemi. Baba anayetetemeka kila mlango unapogongwa usiku hasemi. Kijana aliyeacha shule na kukaa ndani kutwa hasemi. Wanaogopa kwamba wakisema neno moja kituo cha afya, watapakiwa kwenye gari na kupelekwa Nakawa.

Maoni yangu ni haya: tunaogopa mlango wa mbali ambao wengi wetu hatutahitaji kuuingia, na kwa hofu hiyo tunaukwepa mlango wa karibu ambao ungetusaidia.

Huzuni nzito, ambayo waganga huiita sonona, na hofu isiyoisha si wazimu. Ni magonjwa, nayo yana chanzo. Tumeona vita, tumezika watu wetu, wengine hatukupata hata nafasi ya kuzika. Halafu kuna shida za kila siku: posho haitoshi, kazi hakuna, barua ya majibu haiji. Mtu aliyeelemewa huanza kujitenga. Haendi bombani wakati wenzake wako pale. Majirani wanadhani anaringa, nao wanaacha kumsalimia. Yeye anaona kweli hapendwi, anazidi kujifungia. Ndivyo ugonjwa unavyojilisha wenyewe. Kama hali hii imepita wiki mbili na inakuzuia kula, kulala au kufanya kazi, usingoje zaidi.

Je, maneno matupu yanaweza kutibu? Tazama yaliyofanyika Uganda hii hii. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye huzuni nzito walichaguliwa. Katika nusu ya vijiji hivyo walikutana kikundi kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa maeneo yale waliofundishwa kwa wiki mbili. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, wakatafuta pamoja hatua ya kuchukua. Kabla ya kuanza, 86 katika kila 100 walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki 6 au 7. Kwenye vijiji visivyopata vikundi, walishuka kutoka 94 hadi karibu 55.

Na kwa wakimbizi? Huko Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kwa wiki sita, kisha wakawasaidia Wanyarwanda na Wasomali waliosumbuliwa na kumbukumbu za vita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: zaidi ya nusu ya waliosaidiwa hawakuwa tena na ugonjwa ule. Msaidizi alikuwa jirani aliyefundishwa kusikiliza.

Najua utasema, "Maneno hayajazi sufuria." Ni kweli, na mashirika yasitumie ushauri kama kisingizio cha kupunguza posho. Lakini mtu aliyelala ndani siku nzima hawezi hata kwenda kudai haki yake. Akipata nguvu ya kuamka, atalima, atauza, atasimama foleni, atasema mbele ya kamati.

Utasema pia, "Siri yangu itazunguka kambi nzima." Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote, uliza: nani atasikia? Yataandikwa wapi? Mshauri asiyeweza kukujibu hafai. Nasi viongozi wa vijiji tudai chumba chenye mlango wa kufungwa, si meza chini ya mti mbele ya foleni.

Wapo watakaohitaji daktari: anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, au asiyekula kabisa. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe kituo siku hiyo hiyo. Ukipewa dawa za sonona, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia, na usiziache ghafla bila kumwuliza mganga. Akitumwa mtu Butabika, ni rufaa kama ya kwenda kupasuliwa. Hakuna aibu ndani yake.

Basi, ndugu yangu, leo fanya jambo moja. Kama ni wewe unayeumia, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako. Kama ni jirani yako aliyejifungia, mbishie hodi, kaa naye, msikilize bila kumhubiria. Na mtoto wako akilitumia jina la Butabika kama tusi, mkanye, maana huenda anayesikia ndiye aliyekuwa anajiandaa kuomba msaada.