Shuka Mai Mahiu na baiskeli, kisha uniambie barabara ni ya nani

Wasee, skizeni. Picha zote za Bonde la Ufa tunazoweka mtandaoni tumepigia kwa dirisha la matatu. Mimi pia. Mpaka juzi.

Mimi na mabeshte wawili tulitoka Limuru saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kukata masikio. Ukifika pale juu, bonde linafunguka lote: Longonot upande mmoja, mashamba chini, mawingu yako chini ya miguu yako. Manze, ile kitu haiingii kwa simu.

Chini kabisa kuna kale kakanisa kadogo kalikojengwa 1942 na mateka wa vita Waitaliano waliokuwa wanachimba hiyo barabara. Nimekapita maisha yangu yote. Siku hiyo ndiyo nilisimama mara ya kwanza, kwa sababu baiskeli inakuruhusu kusimama.

Lakini kabla ya kanisa, kulikuwa na lori. Lilinipita karibu hadi nikasikia joto lake kwa mguu. Nikatoka lami, nikaingia kwa changarawe, nikaanguka. Goti likachanika. Kama ningeangukia upande wa pili, hii stori ingeandikwa na mtu mwingine.

Nilipomwambia mzee wangu, akasema: "Si ungepanda gari kama watu?"

Hapo ndipo shida iko. Kwetu, mtu wa baiskeli ni mtu ambaye bado hajanunua gari. Lakini asubuhi ya Jumapili, tukielekea Hell's Gate kwa ile Moi South Lake Road, nani alikuwa barabarani? Wafanyakazi wa mashamba ya maua, kwa baiskeli, wakiangalia nyuma kila wakisikia honi. Wao hawakuja kutalii. Hiyo ndiyo njia yao ya kazi kila siku.

Ndani ya Hell's Gate sasa, raha. Ni mojawapo ya mbuga chache Kenya ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Pundamilia wanakuangalia tu, twiga hana habari na wewe. Inachekesha na inauma: nilijiona salama zaidi kati ya nyati kuliko kati ya magari.

Huko Ulaya, Ziwa Constance lina njia ya baiskeli inayolizunguka, ikipita Ujerumani, Austria na Uswisi. Nchi tatu zimekubaliana. Sisi Ziwa Naivasha liko lote ndani ya kaunti moja, na tumeshindwa.

Najua mtasema barabara ya Mai Mahiu ni ya malori ya kwenda Uganda, na miteremko ni mikali. Sawa, hapo nakubali. Basi tuanze na ziwa. Ukanda wa baiskeli kando ya lami, alama za kuonyesha njia, matuta penye makutano. Baadaye tuunganishe na Elementaita, ambalo liko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Mtalii atafaidika, muuza chai kando ya njia atafaidika, na yule mama wa zamu ya asubuhi atafika kazini akiwa mzima.

Goti langu limepona. Nitarudi. Lakini sitaki kurudi nikiomba Mungu kila kona.

Wewe je, kama ingekuwa salama, ungeanzia njia gani?