Mafunzo ya Mwani Yafanyike Pwani

Mara kwa mara wakulima wa mwani huitwa semina. Hukalishwa ukumbini mchana kutwa wakielezwa maradhi ya mwani na ufungaji wa mbegu, kisha hurudi vijijini na mashamba yakabaki vile vile. Wapo watendaji wanaoharakia kusema kwamba akina mama hao ni wazito wa kuelewa. Kauli hiyo hatuikubali hata kidogo.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Uingereza, Godden na Baddeley, waliwasomesha wazamiaji orodha za maneno, nyengine nchi kavu na nyengine chini ya bahari. Yaliyosomwa majini yalikumbukwa zaidi majini, na ya nchi kavu yakakumbukwa zaidi nchi kavu. Ni kweli kwamba jaribio hilo liliporudiwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuthibitisha tofauti hiyo. Basi tusilifanye sheria. Lakini kila aliyepita chuoni analijua jambo lenyewe. Mwanafunzi aliyehifadhi sura nzima, ukimtaka aanzie katikati, husita. Mpe maneno machache yaliyotangulia, atasoma mpaka mwisho. Alichohifadhi kilikuwapo, ila njia ya kukifikia ndiyo iliyokosekana.

Taifa letu lilikwisha kulitambua hilo. Kisomo chenye manufaa, kilichoanza kujaribiwa Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, kilitumia vitabu vya pamba, migomba na uvuvi. Mkulima alijifunza herufi katika maneno ya kazi yake mwenyewe.

Tena lipo suala la makini. Mama aliyeketishwa ukumbini siku ya bamvua, hali maji yamekupwa na kamba zake zinamngoja, masikio yake yapo kwa mhadhiri lakini moyo upo kwenye vigingi. Lisilotiwa maanani halihifadhiki, hata likirudiwa mara kumi. Anayepanga tarehe za semina bila ya kutazama maji hupoteza fedha za umma. (Tunajua pia kwamba ukumbi una posho na pwani haina.)

Hivi sasa cottonii, mwani wenye bei nzuri zaidi, hufa katika maji mafupi yaliyozidi joto, na wakulima wanashauriwa wahamie kwenye maji ya kina. Huko hakufikiki kwa miguu. Watahitaji kuogelea na kuendesha chombo, na tungependa Idara zinazohusika zituambie ni ukumbi gani utakaofundisha hayo.