Lugha ya Kubuni na Mizani ya Historia

Kubuni lugha ni mchezo wa akili, lakini ni mchezo wenye kanuni. Mwaka 2002 Mholanzi Jan van Steenbergen alibuni Wenedyk, yaani Kilatini kilichopitishwa katika mabadiliko ya sauti ya Kipolandi. Swali la kisayansi si kama lugha hiyo yapendeza, bali ni nani wangaliisema. Roma haikuitawala Polandi kamwe. Kinyume chake, askari na walowezi wa Kirumi walikaa karne kadhaa kando ya mto Danube, na Kiromania, chenye asili ya Kilatini, kingali hai huko, kikiwa kimekopa maneno mengi ya Kislavi.

Kipimo hicho chafaa kutumiwa Kanazi, wilayani Ngara. Lugha ya wenyeji, Kihangaza, ni ya Kibantu, jamaa wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Mtu akiwabunia wafugaji wa huko lugha ya Kikushi, je, historia yamruhusu?

Jambo lenyewe si muhali. Huko Mbulu Kiiraqw, lugha ya Kikushi, kimedumu. Huko Usambara Wambugu wana usemi wenye maneno mengi ya Kikushi, ilhali sarufi yake yafanana na ile ya Kipare. Lakini Wambugu walijitenga kwa makusudi, na usemi wao ukawa alama ya utengano huo. Ngara mfugaji na mkulima wamesema lugha moja. Maneno machache ya ufugaji yaliyokopwa zamani katika lugha za Maziwa Makuu ni ushahidi wa ujirani. Hayatoshi kuwa ushahidi wa lugha iliyopotea.

Hapa mchezo hugusa maisha ya watu. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha dhana kwamba watawala wafugaji wa nchi hizi walikuwa wageni waliotoka Uhabeshi. Dhana hiyo ikafundishwa enzi za ukoloni, na waenezaji wa chuki nchini Rwanda wakaitumia kabla ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka huohuo wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara.

Basi mbunifu na abuni, mradi kazi yake aiite ubunifu. Akitaka kuiita historia, hana budi kuonyesha wasemaji, njia waliyopitia, na sababu ya lugha yao kutomezwa na ya jirani. Pasipo hayo matatu, sarufi nzuri haithibitishi neno.